Umehamishiwa Mbeya? Chagua njia kabla ya nyumba

Barua ya uhamisho ilinikuta Morogoro, na kosa la kwanza nililifanya kabla hata sijapanda basi. Nilimpigia simu jamaa nikamwambia, "Nitafutie nyumba nzuri Mbeya." Nyumba nzuri ikapatikana kweli: vigae, madirisha ya aluminiamu, geti jeusi, na mparachichi uani. Ilikuwa Isyesye, ndani kabisa. Kazi yangu ilikuwa Iyunga.

Nilihamia Septemba, vumbi tupu, nikaona ni sawa tu. Januari ilipofika nilikuwa natoka nyumbani nimevaa gambuti, viatu vya kazini nimevibeba kwenye mfuko, naenda kuziacha gambuti kwa mama mmoja mwenye genge kando ya lami. Bajaji zilikuwa zinakataa kuingia kwetu. Nikifika lami ndiyo safari ya kazini inaanza, na hapo jasho limeshanitoka kwenye baridi ya saa kumi na mbili asubuhi.

Tangu hapo nimehama mara mbili ndani ya jiji hilihili. Sasa kila mtu anayeletwa huku ananiuliza "Mbeya nikae wapi?", nami namrudishia swali: saa moja na nusu asubuhi unatakiwa uwe wapi?

Hatua ya kwanza: ujue mji umekaaje

Mbeya ni mji mrefu na mwembamba. Barabara kuu ya kutoka Dar es Salaam kwenda Tunduma inaupasua kutoka mashariki hadi magharibi. Ukitokea Dar unaingilia Uyole, unapita Mwanjelwa na Kabwe katikati, unatokea upande wa Iyunga, unashuka Iwambi, unafika Mbalizi. Mji wa zamani, ule ulioanza kukua miaka ya 1920 wakati watu wanakimbilia dhahabu ya Chunya, umekaa pembeni ya barabara hiyo, juu upande wa kaskazini, chini ya Mlima Loleza. Huko ndiko kwenye Uhindini, Sokomatola, ofisi nyingi na Hospitali ya Rufaa ya Kanda.

Kwa hiyo ukisikia mtu anasema "mjini" muulize mjini gani. Wengine wanamaanisha huko juu kwenye ofisi, wengine wanamaanisha Mwanjelwa na Kabwe kwenye biashara. Nimeshuhudia mgeni akipangiwa "nyumba karibu na mjini" akakuta ni mji ule mwingine.

Barabara hiyo moja inabeba malori ya mizigo ya Zambia na Kongo, mabasi ya mikoani, daladala, bajaji na magari ya watu binafsi. Ndiyo maana foleni ya Mbeya inawashangaza wageni waliodhani foleni wameiacha Dar. Kazi ya kuipanua iwe njia nne, kipande cha kilomita 29 kati ya Nsalaga na Ifisi, ilianzishwa kwa sababu hiyo.

Sasa chukua karatasi, chora mstari mmoja, uandike Uyole upande wa kulia na Mbalizi upande wa kushoto. Weka alama mahali pa kazi. Weka alama shule ya watoto. Weka alama mahali mwenzako anapofanyia shughuli, kama anayo. Alama zote zikikaa upande mmoja wa Mwanjelwa, tafuta nyumba upande huohuo. Zikiwa zimetawanyika, mpe kipaumbele anayetoka mapema zaidi na mwenye miguu mifupi zaidi, yaani mtoto. Jambo la kuangalia kwa mtoto ni moja tu kubwa: je, atavuka barabara kuu kwenda shule? Kama atavuka, nyumba hiyo iache, hata ingekuwa na bustani.

Halafu piga hesabu ya nauli, na usiihesabu ya lami peke yake. Tuseme nyumba ya ndani ndani ni nafuu kwa 40,000 kwa mwezi kuliko ile iliyo karibu na kituo. Ukishuka kwenye daladala unahitaji bajaji au bodaboda ya 1,000 kuingia, na asubuhi 1,000 kutoka. Siku 26 za kazi ni 52,000. Umeshapoteza 12,000 kabla mwenzako hajaenda sokoni na kabla mvua haijanyesha. Hesabu hii mimi niliifanya nikiwa tayari nimelipa kodi ya miezi sita.

Hatua ya pili: ujue pande zake

Usinishike ulimi kwa kila mtaa, maana kata moja inaweza kuwa na barabara ya lami upande huu na korongo upande ule. Lakini kwa ujumla mji unasomeka hivi.

Huko juu, Uzunguni na Uhindini majina yenyewe yanakwambia nani alipangiwa akae wapi enzi za mkoloni, na mpangilio wa viwanja bado unaonyesha. Uzunguni viwanja ni vikubwa na vina miti, nyumba za kupanga ni za kuvizia. Forest na Block T ni viwanja vilivyopimwa, barabara zake zinaeleweka, na watumishi wengi wanapapenda. Kodi nayo inajua hilo. Majengo na Ghana utapata vyumba vya bei ya chini kwenye nyumba za zamani, hatua chache kutoka sokoni na hospitali, ila jiandae kuchangia choo na uwanja wa kuanikia nguo. Kwa muuguzi wa zamu za usiku, mimi ningemwambia achukue chumba huko juu akatembee kwa miguu, vigae atavikuta mbele ya safari.

Mwanjelwa, Kabwe, Mafiati na Soweto ni kwa mtu ambaye biashara yake iko palepale. Kila kitu kipo: soko, mitumba, fundi simu, chipsi usiku. Kelele pia ipo. Ukipanga chumba kinachotazama barabara kuu, utalala ukisikia malori yanabadilisha gia. Kuna watu hawalali bila hiyo. Mke wangu alisema hapana siku ya pili.

Mashariki, kuanzia Sae, Ilomba, Isyesye, Itezi mpaka Uyole, ndiko watu wengi wanakojenga. Nyumba ni mpya, zina nafasi, nyingi zina fensi. Uyole ina faida ya kuwa njia panda: barabara ya Tukuyu na Kyela inachepukia hapo, kwa hiyo ndizi, viazi na parachichi vinakufikia kabla havijapandishwa bei Mwanjelwa. Ukifanya kazi kituo cha utafiti wa kilimo au chuo cha kilimo Uyole, usihangaike, kaa hukohuko. Baridi ya Uyole ni ya kukata, nitarudi kwake.

Magharibi ni Nzovwe, Kalobe, Iyunga, Iwambi, halafu Mbalizi. Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia kiko huku, stesheni ya TAZARA iko huku, na viwanda kadhaa. Karibu na chuo, vyumba ni mageto ya wanafunzi: chuo kikikaribia kufunguliwa bei inapanda na vyumba vinakwisha, wakiwa likizo unaweza kuongea. Familia yenye mtoto mchanga haitafurahi geto la ukuta kwa ukuta na wanafunzi sita wenye spika. Ukishuka Iwambi hali ya hewa inabadilika, kunapata joto. Uwanja wa ndege wa Songwe uko kwenye mita 1,350 hivi kutoka usawa wa bahari, mji wa juu uko 1,700 na zaidi. Mbalizi ina soko lake na mzunguko wake, lakini ijue kwamba ipo chini ya Halmashauri ya Wilaya ya Mbeya, siyo Jiji. Kwa mpangaji haina uzito sana. Kwa anayewaza kununua kiwanja au kufungua biashara, ofisi za kufuatilia ni nyingine. Tena mteremko wa Iwambi na malori yake usiuchukulie poa kama utaupanda na kuushuka kila siku kwa bodaboda.

Hatua ya tatu: njoo kwanza, panga baadaye

Lala gesti wiki moja, au kwa ndugu kama unaye na mnaelewana. Usilipe kodi kwa picha za simu. Picha haionyeshi korongo lililo nyuma ya mpiga picha.

Ukishapata mitaa miwili au mitatu, kila mmoja uuendee mara tatu. Asubuhi saa kumi na mbili na nusu, simama kituoni kama mtu anayekwenda kazini, uone daladala zinakuja zikiwa zimejaa au zina nafasi. Mtaa ulio katikati ya njia una shida hiyo: gari limejaa tangu lilikotoka, linakupita. Jioni saa moja, tembea kutoka lami mpaka mlangoni kwa nyumba unayoitaka, uone giza lilivyo. Muulize mwenye genge anafunga saa ngapi. Swali hilo halimtishi mtu, na jibu lake lina habari zote za usalama. Mama anayeuza nyanya mpaka saa tatu usiku anakaa mtaa tofauti na yule anayekusanya vitu saa kumi na mbili na nusu huku anatazama nyuma.

Mara ya tatu, nenda mvua ikinyesha au ikiwa imekatika sasa hivi. Mvua za huku zinaanza Novemba zinakwenda mpaka Aprili au Mei. Kama umekuja kiangazi, mvua imeacha barua zake, zisome: mstari wa tope ukutani, magunia ya mchanga mbele ya geti, mawe yaliyopangwa ya kukanyagia, mtaro uliochimbwa na maji wenyewe katikati ya barabara. Nyumba iliyo chini ya mlima au kwenye mdomo wa korongo iulizie mara mbili. Aprili 2024 tope lilishuka kutoka Mlima Kawetere likafunika nyumba za watu Itezi. Anayekwambia "hapa hapajawahi kutokea kitu" muulize yeye amekaa hapo miaka mingapi.

Ukiwa kando ya barabara kuu, angalia ukuta kama una alama ya X. Hifadhi ya barabara kuu kisheria ni mita 30 kila upande kutoka katikati, na nyumba iliyoingia humo siku yake ikifika inaondoka, mpangaji ukiwa na mkataba au huna.

Usiku wa Ijumaa pia una elimu yake. Mbeya ina makanisa mengi na mikesha inakwenda mpaka alfajiri kwa vipaza sauti. Kama ndiko kwako, umebarikiwa kuwa jirani. Kama unaamka saa kumi kuwahi zamu, hesabu nyumba ngapi ziko katikati yako na hiyo spika.

Hatua ya nne: maji, na namna ya kuyaulizia

Hapa ndipo watu wanadanganywa sana, na wala siyo kwa ubaya. Ukiuliza "Maji yapo?" utajibiwa "Yapo." Bomba lipo, mita ipo, kwa hiyo maji yapo. Maji ya jiji hili kwa sehemu kubwa yanatoka kwenye chemchemi na mito ya milimani, mji umekua kuliko mabomba, na mradi mkubwa wa kuyaleta maji ya Mto Kiwira ulibuniwa kwa ajili hiyo. Mtaa mmoja yanatoka kila siku, mtaa wa pili kwa zamu, na ulio kwenye mwinuko presha inaukuta imeishiwa.

Nyumba yangu ya pili nilitaka kuikosea hivyohivyo. Dalali akafungua bomba la uani, likatoka maji kwa nguvu, akanitazama kama mtu aliyeshinda kesi. Pembeni kulikuwa na mama wa mpangaji mwingine anaosha vyombo. Nikamwamkia, "Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu."

"Maji haya huwa yanatoka siku gani?"

Akacheka. "Leo umebahatika. Yametoka jana usiku, yatakatika saa hizi saa hizi. Mpaka Jumapili tena."

Nikageuka kuangalia kibarazani. Madumu ya njano kumi na manne, yamepangwa ukutani, yote yana vifuniko. Nyumba ambayo maji yanatoka kila siku haina madumu kumi na manne. Tangu siku hiyo nikiingia uani kwa watu nahesabu madumu kabla ya kuangalia vyumba.

Kwa hiyo uliza "mara ya mwisho yalitoka lini", usiulize kama yapo. Uliza bili inagawanywaje. Kama kuna tanki, panda uangalie au gonga usikie. Tanki tupu la lita 2,000 juu ya mnara ni pambo. Na kama nyumba ina choo cha ndani cha kuvuta maji wakati maji ni ya zamu, kuwa na dumu la chooni ni kazi ya kila siku, jua hivyo unapolipia "self".

Umeme ni rahisi zaidi: kila mpangaji ana Luku yake, au mnachangia? Mkichangia, mwenye pasi na mwenye hita watagombana na mwenye taa moja, na wewe utakuwa mmoja wao. Ukiwa chumbani piga simu moja, fungua intaneti. Kuna vyumba mtandao unakamata uani tu.

Hatua ya tano: baridi

Mtu wa pwani anaichukulia baridi kama habari ya kusimuliana. Juni na Julai ataielewa. Nyumba ya Mbeya ichaguliwe kwa jua, na jambo hili sijawahi kulisikia kwa dalali hata mmoja. Sisi tuko kusini mwa ikweta, karibu nyuzi 9, kwa hiyo miezi ya baridi jua linapita upande wa kaskazini. Chumba ambacho dirisha lake linatazama Loleza kinapata jua Juni. Kinachotazama kusini hakilipati kabisa, na ukuta wake utakuwa na unyevu na ukungu mweusi nyuma ya kabati. Simama katikati ya chumba, tafuta mlima, basi. Tena inua macho uone kama juu kuna dari au ni bati tupu. Nyumba isiyo na dari ni friji, na mvua ikipiga bati hamsikilizani.

Jambo moja lisilo la utani: usilale na jiko la mkaa ndani umefunga madirisha. Gesi yake haina harufu na inaua usingizini. Nunua blanketi zito Mwanjelwa, mitumba yake ni mizuri na bei unapatana.

Hatua ya sita: dalali na hela

Dalali hukwepi, na wapo waungwana. Desturi ni kumlipa kodi ya mwezi mmoja mkishamalizana. Wengi wanadai pia hela ya kuonyeshwa, ukipata usipate. Mmoja alichukua yangu 20,000, akanizungusha nyumba tatu: ya kwanza ilikuwa na watu wanakula, ya pili mwenyewe hakuwa na habari kwamba inapangishwa, ya tatu ilikuwa nzuri na kodi yake mara mbili ya niliyomtajia. Siku hizi namwambia dalali kabla hatujaanza kutembea: hela ya kuonyeshwa nitakupa, itoe kwenye mwezi wako tukikubaliana. Anayekataa hilo huwa hana nyumba mkononi.

Njia nyingine ni kutembea mwenyewe. Ukishaupenda mtaa, wasalimie mwenye genge, fundi cherehani, kinyozi. Nyumba yangu ya sasa niliambiwa na kinyozi, akaniagiza kwa mwenye nyumba mwenyewe, na shukrani ilikuwa soda na "ndaga", ambayo ndiyo asante ya Wanyakyusa na hapa mjini itakufikisha mbali.

Wenye nyumba wengi wanataka miezi sita kwa mkupuo, wengine mwaka. Kodi ikiwa 150,000, miezi sita ni 900,000, dalali 150,000, jumla 1,050,000 kabla hujanunua kitasa kipya na tanki. Nunua kitasa kipya kweli, hujui funguo za kile cha zamani ziko kwa wangapi. Omba miezi mitatu ya mwanzo. Mwenye nyumba iliyokaa tupu muda mrefu atakubali, na wewe utakuwa umejipa nafasi ya kuona mvua au baridi kabla hujajifunga.

Hatua ya saba: mkataba na mtaa wenyewe

Hela usimpe dalali. Mpe mwenye nyumba, mbele ya shahidi, kwa mkataba wa maandishi na risiti. Nenda ofisi ya serikali ya mtaa kabla ya kulipa, umuulize mwenyekiti au mtendaji kama aliyejitambulisha kuwa mwenye nyumba ndiye. Mara nyingi ni mtoto, au msimamizi wa mirathi ambayo ndugu bado wanavutana, na ugomvi wao ukiiva watakuja wote wawili kudai kodi kwako. Kwenye mkataba waandike nani anatengeneza bomba likipasuka, taarifa ya kuhama ni miezi mingapi, na kodi haipandi kabla ya muda kwisha. Mengine ni mapambo.

Ukishahamia, wiki hiyohiyo kajitambulishe kwa mjumbe na ofisi ya mtaa. Utaihitaji barua yao siku ya benki, ya shule, na ya kumdhamini ndugu. Uliza mchango wa ulinzi shirikishi na wa taka ni kiasi gani na unakusanywa lini. Mimi nilijifanya sina habari miezi miwili. Siku bomba la choo lilipopasuka usiku nikajikuta simjui hata jirani wa kuniazima spana.

Gambuti zangu bado ninazo. Sasa nakaa Nzovwe, dakika tano kutoka lami, natembea. Nyumba haina mparachichi, vigae viko sebuleni tu, ila dirisha la chumbani linatazama Loleza na uani kuna madumu mawili.